Waliokula Kuku wa Kisonja

Lubumbashi, tarehe 10 Januari 1985

Yaya Henriette,

"Muntu wa kuja hana udongo. Iko na fasi ya kulala tu, na fasi ya kulala inaweza kuhamishwa." Hayo ndiyo aliyoyasema Edmond, yule mchuuzi wa samaki, mbele ya kanisa la Kisonja, na Mama Rosalie, anayechuuza vitambaa kwa treni, amenifikishia neno kwa neno pamoja na dagaa ulizotutumia. Nisamehe nisipoanza na salamu. Nikisalimu kwanza hasira itapoa, nami sitaki ipoe.

Mtu wa kuja. Na yeye Edmond alifika Kisonja kwa njia gani? Baba yake alishuka kwenye treni ya Nyunzu na sanduku la mbao kichwani, wakati baba yetu alikuwa amekwisha kuzeekea katika ghuba ile. Wao walikuja kwa reli, sisi kwa mtumbwi kutoka upande wa Fizi. Tangu lini reli inampa mtu udongo na maji yanamnyima?

Halafu, fasi ya kulala. Desturi ya pale unaijua kuliko mimi. Mgeni hupewa mahali pa muhogo na maharagwe. Anavuna, na siku akiambiwa aondoke anaondoka. Mti wa kudumu hapandi, kwa sababu anayepanda mti amesema atazikwa hapo. Baba alipoomba kupanda michikichi, chefu mzee alikataa, akakataa tena, mwishowe akakubali, na siku hiyo kuku akachinjwa. Chefu alikula firigisi. Papa Anatole alikula paja, Papa Isidore kifua, na Mama Viviane, aliyempika, akala shingo na mabawa. Kuku yule analiwa ili kesho mtu asije akasema hakuwapo. Ndipo michikichi ikapandwa mstari mmoja, kutoka njiani mpaka mchangani, na chini ya ule wa mwisho tumemzika mama. Kama kuna mtu mwenye fasi ya kulala pale ni yeye peke yake, na yeye hahamishwi.

Edmond anasema sheria inasema udongo ni wa Leta, wa serikali. Vizuri. Kama ni wa Leta, basi si wa Edmond. Sheria hiyo nimeisoma yote. Yeye amesikia kichwa chake tu, akakimbia nacho sokoni. Anachotaka ni ufuko wa kujengea depo yake ya samaki, na sisi tuko katikati.

Nimemwandikia komiseri wa zone, mkubwa wa serikali kule, na sikuficha kitu. Wewe usisogee hata hatua.

Sasa salamu. Sisi wazima. Denise anakusalimu, watoto wamerudi shule. Mwambie shemeji Apollinaire avue kwa amani.

Mdogo wako,
Pontien


Kisonja, tarehe 3 Februari 1985

Mdogo wangu Pontien,

Nakusalimu sana, wewe na Denise na watoto. Je, mko wazima? Ile homa ya mtoto wa mwisho imekwisha? Sisi huku tunapumua, Mungu asifiwe. Apollinaire anakohoa kwa sababu ya baridi ya ziwani, nitakueleza.

Unaniambia nisisogee. Wewe uko Lubumbashi. Tangu vita ya Moba, waasi wa Fizi walipoushambulia mji ule, askari wamejaa pwani yote, na mtu akisikika anasema lugha ya Fizi anaulizwa ndugu yake yuko pori gani. Sokoni tunasema Kiswahili peke yake. Wanawake tuliokuja pamoja katika mtumbwi mmoja tunapishana kama hatujuani, kila mmoja anaangalia kikapu chake.

Barua yako kwa komiseri haikukaa kwa komiseri. Jumamosi, tulipokuwa kwenye salongo, kazi ya lazima ya wote, tunafyeka njia, Edmond aliitoa mfukoni akaisoma mbele ya wote. Alisoma vizuri, anapandisha sauti mahali pale pale ambapo wewe ungepandisha. Alipofika mahali unapomwita kupe aliyevaa suti ya abakosti, watu walicheka. Yeye hakukasirika. Alingoja wamalize, akaangalia vizuri ni nani na nani waliocheka, akaendelea.

Kesho yake askari walikuja kumwuliza Apollinaire ni nani katika nyumba hii anajua kuandika hivyo. Walimwuliza kwa adabu, wakala samaki wetu, mikebuka yote, wakaenda. Tangu siku hiyo usiku anajificha ndani ya mtumbwi katikati ya matete na harudi nyumbani mpaka jua liwe juu. Ndicho kikohozi chenyewe.

Na sasa kuna chokaa. Nilikuwa shambani, nikarudi nikakuta mtu wa Leta amepita na ndoo, amezungushia kila mchikichi wetu mkanda mweupe wa chokaa. Hakusema na mtu isipokuwa Edmond. Jioni Edmond alikuja, akakaa kwenye kiti cha baba. Alisema polepole kabisa.

"Yaya Henriette, mimi sikuchukii. Miti yenye chokaa, njo alama ya nyumba zenye kuandikwa na askari. Wakubwa wanasema mtu wa Fizi akipanda mti hapa, anatengenezea wale wa porini kambi. Miti isipokuwako, wataandika nini?"

Nilimpa maji. Kikombe kikagonga meno yake, naye akaniambia asante.

Apollinaire anasema tukate. Motokari ikipita njiani, mimi nawaita watoto majina moyoni mmoja mmoja, nione kama wote wamo ndani. Niambie nifanye nini, na uniambie upesi. Usiniandikie tena kuhusu reli.

Dada yako,
Henriette


Lubumbashi, tarehe 16 Februari 1985

Yaya,

Usikate. Nimetanguliza neno hilo ili hata ukiisoma barua hii mlangoni pa Rosalie, uwe umelipata. Usikate hata mmoja.

Nimekwenda biro ya ardhi hapa mjini. Nimengoja siku nzima kwenye benchi, mpaka karani mmoja akaona aibu akaniita. Nimemwuliza maana ya chokaa. Akashangaa kwamba mtu mzima anauliza. Chokaa maana yake mpimaji ameuona mti huo, na amekubali kwamba umepandwa na mtu. Udongo wenye miti ya kudumu hauwezi kuandikwa kuwa ni mtupu. Mtu mwingine hawezi kuupata mpaka mwenye miti asikilizwe. Umeelewa, Yaya? Mkanda ule mweupe ndio ukuta wenu. Edmond anajua. Hawezi kuuvunja kwa mkono wake, ndiyo maana amekuja kukuomba uuvunje kwa mkono wako, tena akanywa na maji yako.

Kuhusu neno kupe, nalishikilia. Wa kukasirika ni kupe, kwa kufananishwa na Edmond.

Rosalie anapanda treni kesho. Nimemwambia barua hii asiichanganye na vitambaa vyake, aiweke kifuani.

Denise anauliza kikohozi cha shemeji. Anatuma dawa.

Mdogo wako,
Pontien


Kisonja, tarehe 24 Februari 1985

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Nadhani mko wazima. Jibu lako sijalipata. Watu wa gare, pale stesheni, wanasema treni imelala Nyunzu, hakuna anayejua itaamka lini.

Tumekata.

Juma lililopita walimchukua jirani yetu Norbert, fundi wa nyavu, wakamfungia kwenye kasho ya zone. Alirudi, lakini anakaa tu na sindano yake ya nyavu mkononi bila uzi. Yeye hana mchikichi hata mmoja, na mimi ningepaswa kuliona hilo. Lakini Pontien, mtu akiogopa haoni hivyo. Niliona tu kwamba wamefika kwa jirani.

Apollinaire aliangusha miti na wanaume wawili wa upande wetu. Kama inavyofanyika, magogo yalitobolewa, na malafu, pombe ya mchikichi, ikatoka kwa siku nyingi. Watu wakaja na vikombe. Papa Anatole alikunywa amesimama. Papa Isidore vilevile, akafuta mdomo akaenda bila kuaga. Edmond alikuja na kikombe chake mwenyewe kutoka nyumbani, akaisifu kwamba ni tamu.

Visiki tumeving'oa, tumevichoma, na mashimo tumeyajaza udongo, juu yake tumechomeka muhogo. Ule wa mama niliomba uachwe. Apollinaire akasema ukibaki mmoja ni sawa na kubaki yote, akaukata yeye mwenyewe, wale wengine wakageuka wakaangalia ziwa.

Nyumba sasa inaonekana toka mbali, kama mtu wa matanga aliyenyolewa. Lakini motokari ikipita, haipunguzi tena mwendo. Jana nimelala. Nakuandikia ili ujue kwamba nimelala.

Dada yako,
Henriette


Kisonja, tarehe 15 Machi 1985

Mdogo wangu Pontien,

Nakusalimu wewe na nyumba yako. Barua yako imefika. Rosalie aliitoa kifuani kama ulivyomwagiza. Niliisoma nimesimama, halafu nikakaa chini palepale njiani, na Rosalie akadhani umekufa.

Mpimaji alikuwa amekwisha kuja siku tatu kabla. Ni kijana mwenye miwani, viatu vyake vimejaa matope. Edmond alikuwa naye, na wabebaji wa vigingi. Kijana aliangalia karatasi yake, akaangalia uwanja, akaangalia tena karatasi.

"Michikichi iko wapi?"

Edmond akajibu kabla sijafungua mdomo. "Michikichi gani, citoyen mpimaji? Hapa ni majani, na muhogo wa juzi. Ile uliyoiandika ni ya kwa wengine."

Kijana hakumwangalia. Aliniangalia mimi. "Mama, hapa hapakuwa na michikichi?"

Nyuma yao kulikuwa na askari wawili wanakula muwa. Nilimwona Edmond ananiangalia kwa upole, kama siku ile kwenye kiti cha baba. Nikasema, "Hapakuwa."

Pontien, nimelisema mimi. Kaburi la mama lilikuwa mgongoni pangu.

Wakapiga vigingi. Kimoja kimeingia nyuma ya kichwa cha mama, karibu kabisa, hata Apollinaire aliporudi alidhani ni msalaba umeanguka. Kijana aliandika kwamba udongo ni mtupu. Lakini walipokuwa wanaondoka alirudi peke yake kama mtu aliyesahau kitu, akaniambia bila kuinua macho kwamba Jumanne ya baada ya Pasaka atakuja kufunga mipaka, na siku hiyo mtu yeyote mwenye neno anaweza kulisema, lakini alisemee hapa hapa juu ya udongo, kwa mdomo, pamoja na mashahidi walio hai. Karatasi hatasikiliza. Baada ya hapo ni depo.

Chefu mzee alikwisha kufa, nikaenda kwa wale wengine waliokula kuku. Papa Anatole alisema yeye mzee, meno yamekwisha, kuku yoyote hamkumbuki. Papa Isidore, wanasema amekwenda Kirungu kwa mkwe wake, lakini niliona viatu vyake mlangoni. Mama Viviane alinishika mikono, akalia, akafunga mlango.

Apollinaire anaziba mtumbwi. Anasema tuvuke Kigoma kabla ya Pasaka, kuna watu wetu huko. Anasema hivyo kila siku na kila siku anaziba mahali palepale pasipovuja. Mimi siwezi kumwacha mama na kigingi kichwani, na siwezi kukaa. Hayo mawili yananila.

Usitume karatasi tena. Barua zako ni nzuri, hata Edmond anazisoma vizuri. Njoo.

Dada yako,
Henriette


Lubumbashi, tarehe 27 Machi 1985

Yaya yangu Henriette,

Nakusalimu kwanza. Nakusalimu wewe, shemeji Apollinaire, watoto, na kifua cha shemeji. Hujambo? Umekula leo?

Naogopa, Yaya. Neno hilo sijakuandikia kamwe. Nilikuwa ninaligeuza kuwa hasira na kukutumia wewe, nawe ukalipishwa mbele ya watu kwenye salongo. Ile "hapakuwa" uliyoisema, mimi ndiye niliyekuwekea askari nyuma yake.

Nakuja. Rosalie anatangulia na barua hii. Mimi napanda treni inayofuata, nikipewa ruhusa katika shule ninayofundisha au nisipopewa. Kwenye karatasi zangu jina ni la Fizi, na Kabalo wanakagua, na Nyunzu wanakagua. Denise amefunga mkoba wangu. Nisipofika Jumanne, usinisubiri ndipo useme. Sema. Na Apollinaire aache kuziba mtumbwi mpaka Jumatano.

Kuanzia hapa si yako. Wapelekee wale watatu uwasomee, na kama mlango umefungwa, wasomee kupitia mlango.

Papa Anatole, Papa Isidore, Mama Viviane.

Sitawaita wabaya. Nimewaita watu wabaya maisha yangu yote, na katika uwanja wa baba yangu haijaotesha kitu. Mnaogopa askari, dada yangu anawaogopa zaidi, kwa sababu yeye akikosea hana Kirungu ya kukimbilia. Mnamwogopa Edmond. Hamkosei. Kama leo udongo uliopandwa, ukaliwa kuku wake, ukazikwa mtu, unaitwa mtupu, basi kesho mtupu ni wenu, Papa Isidore, kwa maana uwanja wako unafuata wetu pale ufukoni, na depo za samaki hukua.

Siwaombi kumpenda baba yangu. Siwaombi kumtukana Edmond. Kazi hiyo nimekwisha kuifanya na mmeona faida yake. Mlikula kuku mkijua kuku yule ni wa nini. Halafu mkanywa malafu ya miti ileile, mmesimama, kwa sababu mlijua.

Jumanne ya baada ya Pasaka njooni uwanjani. Papa Anatole, simama kwenye shimo la kwanza, lile la njiani. Papa Isidore, vaa vile viatu vilivyo mlangoni, usimame katikati. Mama Viviane, wewe simama la mwisho, karibu na mama yetu. Ulimfunga kilemba siku tulipomzika. Mpimaji atauliza michikichi iko wapi. Jibuni: ilikuwa hapa, tulikula kuku wake. Kama mtatetemeka, jibuni mkitetemeka. Yeye anaandika maneno tu.

Mtoto wenu,
Pontien