Kwa Baba, Aliyefundisha Kunyoa Gerezani

Mwaka umetimia, Baba, tangu uvute pumzi yako ya mwisho, na bado saa za kufungua saluni Mama hugeuka kuangalia kama umeshaamka. Tunaandika haya tukiwa tumechoka. Utatusamehe yasipopendeza.

Ulikuwa kinyozi, na utani wako ndio uliojaza benchi la wateja. Mwenye upara akiingia, ulimwambia, "Wewe njoo tu tuzungumze." Mtoto akilia kwa kuogopa mashine, ulimnyolea baba yake kwanza, ili aone mkubwa naye ananyolewa wala hafi.

Lakini kila Alhamisi mchana ulifunga mlango, ukabeba mkoba wako kwenda gerezani kuwafundisha wafungwa kunyoa. Hukulipwa, wala hukuuliza malipo. Kwa muda mrefu askari walikuruhusu mashine na kitana tu. Walipokubali uingie na wembe, darasa zima liligoma kukaa kwenye kiti. Nani ampe shingo mtu aliyefungwa kwa kuchoma kisu?

Ukakaa wewe. Kijana mmoja aliyefungwa kwa kosa hilo, ambaye baadaye sote tulimwita Kimya, alishika wembe.

"Mzee, nikikukata je?"

"Nitatoka damu. Endelea."

Ulirudi nyumbani na plasta tatu shavuni. Mama akakuuliza umepigana na nani. Ukasema, "Nilikuwa kazini."

Kisha wanafunzi wako walianza kutoka gerezani, nao walikuja kwetu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe uliwapa mashine siku ya kwanza. Walilala sebuleni, tukawaruka asubuhi tukienda shule. Wateja wakanong'ona, wengine wakahamia saluni ya ng'ambo ya barabara. Siku moja Mama alishindwa kuvumilia. "Baba watoto, nyumba hii ni ya wanao au ya wafungwa?" Ukamjibu taratibu, "Na hao ni wana wa watu, Mama watoto." Usiku ule mlilala mmepeana migongo.

Kimya ndiye aliyetuumiza zaidi. Alikaa nasi, akala nasi, akawa fundi hasa. Asubuhi moja tuliamka hayupo, na mashine mbili hazipo, na koti lako jipya pia. Haukupita muda akakamatwa kwa wizi mwingine. Alhamisi iliyofuata ulimkuta darasani, amejibanza benchi la nyuma. Tulikuuliza ulimwambia nini.

"Nilimwambia asogee mbele, kule nyuma haoni."

Tulikasirika, Baba. Miguu yako ilikuwa imeanza kuvimba, tukakusihi upumzike, wakafundishe wengine. Ulisema ukiwapata hao wengine utapumzika. Hukuwapata. Mwezi wa mwisho ulikuwa ukipanda ngazi za lango la gereza huku umeshikwa mkono na askari mmoja.

Siku ya mazishi askari huyo huyo alimvuta pembeni kitindamimba wako, ambaye naye ni kinyozi, akamwambia darasa halina mwalimu. Mdogo wetu akasema ataenda mara moja tu, akawaage kwa niaba yako. Mpaka leo anaenda. Anarudi jioni, anavua viatu, anakaa kama ulivyokuwa ukikaa. Mama humuuliza, "Vipi huko?" Naye hujibu, "Wawili wametoka, watano wameingia."

Wiki iliyopita aliongeza neno. Alisema Kimya ndiye anayewashikisha wafungwa wapya mashine sasa, na kwamba amemkosoa yeye, mwalimu, mbele ya darasa zima. "Ameniambia, 'Wembe haushikwi hivyo. Mzee hakutufundisha hivyo.'"

Mama alicheka mpaka akajifuta macho kwa upande wa kanga. Hatukuwa tumemsikia akicheka tangu tukuzike. Kisha akainuka kumpakulia mwanao chakula, akamwambia, "Basi Alhamisi muulize akuonyeshe."

Pumzika sasa, Baba. Hukupumzika ulipokuwa nasi.

Unakumbukwa na mkeo, Mama watoto. Wanao wanne, wakwe na wajukuu. Dada yako muuguzi, aliyekuuguza. Majirani waliobaki na waliohama saluni. Na wanafunzi wako, waliotoka na walio ndani bado.

Maadamu tunapumua, hatutakusahau.