Voisi Niliyoipita

Jumatatu, 12 Mei 2025
Basi, treni, chuo, treni, basi. Huku kwangu Hayes mvua. Tasnifu bado haina watu. Mada msimamizi ameipenda: jinsi kina mama wa Kitanzania wa Landani wanavyosaidiana kwa voisi za WhatsApp. Ila anataka ridhaa zao ifikapo Jumatatu ijayo, la sivyo nitafute mada nyingine. Mwezi wa tano huu, mada nyingine naitoa wapi? Nimeandika tangazo la kuwaomba washiriki, la kuweka kwenye grupu letu la kina mama wa Barking. Limenipendeza. Voisi za Mama kutoka Morogoro zimerundikana tena. Nitasikiliza baadaye.

Jumanne, 13 Mei
Nimetuma tangazo nikiwa ndani ya basi, narudi nyumbani. "Warembo hamjambo! Nina habari njema." Na maua, na vikatuni vinavyocheza. Juu yake kulikuwa na voisi ya Mama Neema, mwenyekiti wetu. Sikutaka kuifungulia mbele za watu, nikaipita.

Jioni nimeisikiliza. Dada Rehema, mwenzetu wa grupu, kafiwa na mama yake, Tanga. Marehemu amezikwa leo alasiri. Rehema hakuwahi mazishi.

Habari njema. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nimefuta, lakini walishaona wote. Eti mtafiti wa voisi.

Jumatano, 14 Mei
Wanapeana pole, wanapanga nani apike nini. Mimi sijibiwi. Nimeandika samahani, nikafuta. Nimeandika tena, ndefu, kama insha ya darasani. Nikafuta. Naona haya. Halafu naiogopea tasnifu kuliko ninavyomhurumia Rehema, na hilo nalo limenichukiza.

Alhamisi, 15 Mei
Simu ya Mama Neema. Nilidhani ananitoa kwenye grupu. Kasema, "Mwanangu, msibani hakuombwi radhi kwa kuandika. Jumamosi kuna khitma, njoo." Akakata. Sijawahi kushukuru kufokewa namna hii.

Jumamosi, 17 Mei
Barking, kwa Rehema. Viatu vimejaa kuanzia mlangoni mpaka koridoni. Nimempa Rehema mkono, nimesema pole. Kaushika mkono wangu muda mrefu.

Kisha jikoni. Nimekabidhiwa vitunguu, baadaye masufuria. Mama mmoja kanitania, "Huyu ndiye wa habari njema? Haya, tuletee na chumvi." Jiko zima likacheka. Rehema kasikia huko sebuleni, naye akacheka. Nimelia, nikasingizia vitunguu.

Tasnifu sikuitaja. Nimerudi Hayes nanuka moshi wa pilau, na kontena la plastiki nimefungiwa, zito, la kula siku kadhaa. Sikustahili.

Jumatatu, 19 Mei
Sijaomba kitu. Asubuhi Mama Neema kaweka voisi kwenye grupu. Anasema, yule mtoto wetu anasoma, anayekubali voisi zake zitumike kwenye utafiti aseme mwenyewe kwa mdomo wake. Safari hii nimeisikiliza papo hapo, kwenye treni, watu wakanitazama. Kina mama wakaanza kujibu mmoja mmoja. Jina, nimekubali, soma mwanangu. Wengine wakaongeza dua. Rehema naye yumo.

Nimemsikilizisha msimamizi, nikamtafsiria. Kasema ridhaa ya sauti inafaa, tena inaendana na mada yenyewe. Tasnifu imepona. Nimewashukuru kwa voisi. Mungu awalipe, mimi sina cha kuwalipa.

Jumanne, 20 Mei
Rehema kanitumia voisi ya mwisho ya mama yake. Si ya utafiti, kasema, sikiliza tu. Mama wa watu anamlalamikia paka aliyeiba samaki, kisha anauliza kama huko Barking baridi imepungua. Nimeisikiliza mpaka mwisho. Sikuandika chochote.

Halafu nikafungua za Mama yangu, zote. Kuku, mvua, harusi ya jirani. Katika ile ya mwisho ananiuliza kama nimekula. Nimemjibu kwa sauti. Nimeanza na shikamoo, nikamwambia nimekula, pilau la msibani, na nimeshiba.