Mwenye Kuchomwa Sindano ni Mimi

Shinyanga, Jumanne, Machi 1995

Angalau kadi ya chanjo ya homa ya manjano nimeipata. Bila hiyo ningerudishwa mpakani, na kozi yangu ya ualimu kule Zambia ingeanza bila mimi.

Mume wangu, Baba Kulwa, alinisindikiza hospitali ili nisiogope. Nilipokunja mkono wa blauzi tu, yeye akadondoka chini. Nesi alinichoma huku nampepea mgonjwa kwa pasipoti yangu mpya.

"Msafiri ni yupi kati yenu?" akauliza.

"Ni mimi, mama."

"Na watoto wanabaki na nani?"

Nikamwonyesha pale sakafuni.

Njia nzima ya kurudi nyumbani Baba Kulwa alisema ni jua lililomwangusha. Mapacha wetu wana chanjo mwezi ujao. Nimemwandikia mama mkwe aje kukaa nao. Sababu sikuitaja.