Kitenge Kisichofuliwa

Mabawe, Ngara
11 Februari 2024

Mwanangu Avelina,

Pokea salamu kutoka kwenye baridi ya Mabawe, ingawa wewe unayeishi kwenye theluji utacheka ukisikia tunaiita baridi. Sisi ni wazima, isipokuwa mama yako, ambaye miguu imeanza kumvimba tena. Anasema ni uzee. Mimi nimeandika tarehe kwenye shajara yangu nione kama inazidi.

Barua yako ilifika kwenye simu ya Ndizeye wa dukani. Hii nayo ataipiga picha aitume. Amecheka sana aliposoma kwamba kituo chenu kilikamata kondoo dume wa porini mwaka jana ili azae na kondoo wa nyumbani. Akauliza, "Mzee Privatus, kwani wa nyumbani wamekosa waume?" Mama yako akamjibu, "Kama mimi Mhangaza nilizaa na Msubi wa Nyabusozi na watoto wakatoka na miguu miwili, kondoo watashindwa nini?" Lakini tueleze, faida yake ni nini?

Mwanao Kwizera ametimiza miaka miwili na nusu. Ulimwacha akiwa bado ananyonya, kwa hiyo bibi yake ndiye anayemwita Mama. Juzi tulimwonyesha picha yako, akasema, "Huyu ni Avelina," kama anayemtaja jirani. Mama yako alitoka nje kidogo.

Njoo Aprili kama ulivyoahidi.

Baba yako


Kituo cha kondoo, Kazakistani
6 Machi 2024

Baba, shikamoo. Mama, shikamoo.

Mimi ni mzima, ila mikono imepasuka kwa baridi. Mzaha wa Mama niliwatafsiria wenzangu, wamecheka hadi wakakaa chini.

Faida ni hii. Kondoo wa huku wana sufu laini sana, lakini theluji ikizidi wanakufa. Yule wa porini sufu yake haifai kitu, ila anaishi juu ya miamba majira yote. Tunataka mnyama mmoja mwenye mambo yote mawili. Huu ni mwaka wa kwanza wa jaribio letu, na kondoo wengi hawakushika mimba. Aliyezaliwa hai ni mmoja tu, jike, rangi ya udongo, miguu mirefu. Mama yake alikufa akimzaa.

Kulikuwa na kondoo mwingine aliyezaa mfu. Bibi mmoja mchungaji akamchuna yule mfu, akamvika yatima wetu ile ngozi kama koti. Kondoo aliyefiwa akamnusa mkiani, akasita, kisha akamwacha anyonye. Nililia, Baba, mbele ya watu.

Aprili sitaweza kuja. Mkuu wa jaribio amenikabidhi mwanakondoo huyu hadi aache kunyonya. Nikiondoka atapewa mwingine, na masomo yangu yataishia hapo. Nitakuja Agosti. Mama aende hospitali. Mnibusie Kwizera.

Mtoto wenu, Avelina


Mabawe
2 Aprili 2024

Mwanangu Avelina,

Salamu nyingi. Mahindi yanaendelea vizuri, mvua haijatutupa. Mama yako alilazwa wiki moja na sasa yuko nyumbani. Daktari amesema ni moyo.

Amekatazwa kubeba kitu kizito, lakini bado anamfunga Kwizera mgongoni kwa kile kitenge cha kijani. Nikimgombeza ananiambia, "Basi mbebe wewe." Nimejaribu. Mtoto hataki mgongo mwingine, ananipiga ngumi.

Sikuandikii haya ili uache kazi. Mama yako amesema niandike hivi, neno kwa neno: "Asije kwa ajili yangu, mimi namjua. Aje kwa ajili ya huyu asiyemjua." Halafu ameuliza, ile ngozi mnaivua lini?

Baba yako


Kituo cha kondoo
15 Aprili 2024

Baba na Mama, shikamooni.

Mama, haivuliwi mara moja. Nilifanya haraka, nikaivua yote kwa sababu ilikuwa inanuka. Kondoo akampiga mtoto kichwa hadi akaanguka. Tukamrudishia. Kuanzia hapo tulikuwa tunakata kipande kidogo kila siku, mgongoni kwanza, mkiani mwisho, maana hapo ndipo mama hunusa. Sasa hana ngozi kabisa na kondoo anamwita kama wake.

Agosti si mbali. Mama, nakuomba usimbebe Kwizera.

Avelina


Mabawe
9 Juni 2024

Mwanangu,

Pole. Nakusalimu, ingawa sijui nikuulize nini kuhusu afya. Siku ile ya tarehe 21 Mei nilipokupigia kwa simu ya Ndizeye, ilikatika. Sijui kama ulisikia maneno yangu ya mwisho. Nilisema mama yako hakuteseka. Alikuwa anamenya ndizi.

Tumemzika kando ya migomba yake. Tulipomaliza matanga, shangazi yako Scolastica aligawa nguo za marehemu. Zote zimekwenda. Kile kitenge cha kijani nilikikalia. Akasema, "Kaka, inuka." Nikamwambia miguu inaniuma.

Kwizera alikuwa hali wala halali, anazunguka nyumba akiita. Ndipo nikakumbuka kondoo wako. Nikajifunga kile kitenge, nikachuchumaa. Akanusa, akasita, akapanda mgongoni. Tulikwenda hivyo hadi dukani. Ndizeye akasema, "Mzee, leo umependeza, nani anakuoa?" Kisha akaniangalia usoni, akampa mtoto andazi.

Sijakifua. Nimekikata katikati. Nusu ninaivaa mimi. Nusu nyingine nimeiweka kwenye ndoo yenye mfuniko, harufu isitoke. Hiyo ni yako. Siku utakayofika, jifunge kabla hajakuona.

Baba yako


Kituo cha kondoo
12 Julai 2024

Baba, shikamoo.

Pole kwako, na pole kwetu sote. Nimeanza barua hii mara nyingi. Maneno yako ya mwisho kwenye simu sikuyasikia. Nimeyasoma sasa.

Juzi tuliwapeleka kondoo malishoni, ndani ya uzio mpya. Yatima wetu aliinua kichwa, akaruka uzio, akapanda miambani asikofika mtu. Kondoo aliyemlea alisimama chini akimlilia hadi sauti ikakauka. Yatima hakugeuka. Mkuu wa jaribio amesema sayansi ndivyo ilivyo, mwakani tutajaribu tena. Nimemwambia mwakani sipo.

Nilikaa huku nikimlinda yule, Baba. Mama akamenya ndizi peke yake.

Nafika Ngara tarehe 3 Agosti. Usimwambie Kwizera kwamba mama yake anakuja. Mwambie anakuja Avelina, kwa sababu huyo anamjua.

Mtoto wako, Avelina


Mabawe
22 Julai 2024

Mwanangu Avelina,

Salamu. Tumevuna maharage, na mtoto anakula. Nimemwambia Avelina anakuja. Ameuliza, "Ataleta maandazi?" Nikasema ndiyo, kwa hiyo leta.

Siku hizi anapanda mgongoni kwangu hata bila kitenge. Nusu yangu imeishiwa na harufu ya mama yako, inanukia tumbaku yangu tu. Kwa upande wangu, basi, ngozi imevuliwa.

Lakini kuna jambo la ile ndoo. Jumapili ya tarehe 14, baada ya misa, nilifungua mfuniko. Nilitaka kuhakikisha tu kwamba panya hawajaingia. Nikakiweka kitenge usoni. Nilipofunika, chai niliyokuwa nimejimiminia ilikuwa imepoa kabisa. Siku iliyofuata nilifungua tena, na safari hii sikusingizia panya.

Harufu bado ipo, ila si kama mwanzo. Nimeipeleka ndoo kwa Ndizeye, nimemwambia nikija kuiomba aninyime. Jana nilikwenda. Alininyima. Akafunga duka mapema, akatoka na viti viwili, tukakaa nje, Kwizera akicheza na mifuniko ya soda.

Wahi kuja.

Baba yako