Kudhibitiwa kwa Nimpaye

Bugarama, Ngara, 21 Septemba 1997

Mwanangu Celestini,

Hujambo huko Nyakanazi? Mimi nashukuru Mungu, ni goti tu linanisumbua.

Jumapili iliyopita baada ya misa mtendaji wa kijiji alitusomea tangazo: wageni wote wanaoishi vijijini "watadhibitiwa". Jirani mmoja anasema ni kuandikishwa, mwingine anasema ni kulindwa. Nimpaye hali chakula vizuri tangu siku hiyo. Alifika hapa kutoka Burundi akiwa mgongoni kwa mama yake, na marehemu kaka yako alimwoa kanisani. Hata yeye ni mgeni?

Wewe ndiye mwalimu wa Kiswahili. Neno hilo limetoka wapi, na maana yake nini?

Mama yako, Agripina

Nyakanazi, 3 Oktoba 1997

Mama, shikamoo.

Pole na goti. Mimi mzima.

Neno limetoka kwa Waarabu. Asili yake ni kushika kitu barabara kisiponyoke. Ndipo tukapata pia "dhabiti", yaani imara. Mtu anaweza kudhibiti mali yake kwa kuitunza. Anaweza pia kudhibiti watu. Neno lenyewe halisemi ni kwa wema au kwa ubaya.

Ila mama, hapa njia panda nimeona malori ya jeshi yakielekea Ngara, matupu. Mpandishe shemeji basi la kwanza aje kwangu. Asingoje kuvuna.

Mwanao, Celestini

Bugarama, 19 Oktoba 1997

Mwanangu,

Salamu zako nimezipata, lakini barua ilifika askari wakiwa wameshamchukua Nimpaye.

Walimkuta kwenye maharage. Nikamwambia askari, "Huyu ni mkwe wangu. Mumewe amezikwa pale migombani."

Akasema, "Pole, mama. Tumetumwa."

Hakuwa mkali. Angenitukana ningepata la kumjibu. Alimsubiri anawe mikono, akampa mkono apande lorini.

Nilimfuata kwenye kambi ya wakimbizi. Tuliongea kupitia uzio. Anasema karani alimuuliza kwao ni wapi. Akajibu, "Bugarama." Karani akafurahi, akasema anaijua, iko Burundi, barabara ya kwenda Bujumbura. Akaandika. Nimpaye akamwambia si hiyo, ni hii ya Ngara. Karani akasema wote wanadai hivyo, akaita anayefuata.

Watu wanasema amani ikipatikana kila mtu atarudishwa na kushushwa kwao, palipoandikwa na karani.

Nilimwendea karani mwenyewe. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama na mimi ni mkimbizi.

Nimwendee nani, mwanangu?

Mama yako, Agripina