Shuka la Njano, Shuka Jekundu

Jumatatu, 3 Machi

Sijui kuanza kuandika bila salamu, basi nianze nazo. Baba watoto hajambo, mgongo tu. Mama mkwe hajambo, anasinzia kitini. Fundi cherehani wa chini hajambo, na mdomo wake uleule. Binti yangu mzamiaji, Samaki tunamwita, hajambo – Mungu amlinde. Mimi mzima, roho juu.

Samaki anakata nguzo kuukuu za gati, chini ya maji. Wenye mradi wanataka kujenga mikahawa, bustani, na gurudumu kubwa la kupandisha watu hewani. Saa sita akiibuka, natundika shuka la njano dirishani: chakula tayari, nakuona. Naye ananyanyua mkono. Hapo ndipo napumua.

Jumatano, 5 Machi

Wamezungusha mabati mbele yetu! Marefu. Wamebandika picha ya ufukwe utakavyokuwa. Maji ya buluu kuliko maji. Taa kama matunda. Watu wanatembea polepole, hakuna aliyebeba kitu. Nimeitazama mpaka nikajiona mle, nimekaa kwenye benchi, miguu nimeinyoosha... Maharagwe yakaungua.

Fundi cherehani kauliza mbona nyumba yetu haimo. Nikasema iko nyuma ya mti. Mti gani huo, mama, mchicha?

Na shuka halionekani tena.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeunga fito mbili, shuka likapita juu ya mabati. La njano lilikuwa limelowa – nikatundika jekundu. Kumbe kwao nyekundu ni hatari! King'ora. Mashine kimya. Samaki akavutwa juu kwa kamba kama ndoo. Msimamizi kaja mpaka mlangoni, jasho tele: mama, unataka kuniua kwa presha? Nikamwambia chakula tayari. Akaitazama sufuria. Akala.

Samaki hakucheka. Kaambiwa ikitokea tena, kazi basi. Akaniambia: mama, usitundike kitu. Nimekubali. Moyo haujakubali.

Jumapili, 9 Machi

Nimelala mchana. Nimeota gurudumu linazunguka, nusu yake ndani ya maji. Samaki kakaa kwenye kiti, anapunga mkono, anashuka, anapanda, anashuka... Nikaamka kabla hajapanda.

Jumanne, 11 Machi

Leo nguzo ya mwisho, ile nene. Bati limetoboka, palepale penye benchi la kwenye picha. Nimekaa nachungulia, naandikia gotini. Saa sita imepita. Mapovu yanakuja, yanakoma, yanakuja. Msimamizi ameshika kamba, haivuti. Fundi cherehani yuko nyuma yangu, leo hana mzaha. Ananong'ona: weka hicho kitu kwapani, mama, utamfukuzisha kazi mtoto.

Shuka hili si la njano. Ni jekundu.

Maji yametulia, mazuri, kama yale ya picha. Mapovu madogo sasa. Samaki, mama yangu, salamu zote zile zilikuwa zako. Nijibu upesi. Mkono tu. Nimeshalikunjua nusu –