Babu Alivyoupata Uboothroyd

Milimani, juu ya Huddersfield,
Jumatatu, 9 Machi 1953

Kwa kaka yangu mpendwa Harold,

Salamu nyingi zikufikie huko Coventry, wewe na wifi yangu Maisie. Natumaini mu wazima. Sisi huku hatujambo: kondoo wameanza kuzaa, theluji imegoma kuondoka, na Baba analalamika tangu alfajiri, kwa hiyo ujue afya yake ni njema.

Najua uliapa hutakanyaga hapa tangu Krismasi ile Baba alipomwambia Maisie mbele ya wageni kuwa yeye ni ardhi isiyootesha kitu, na kwamba jina la Boothroyd litakufa kwa sababu yake. Sikukulaumu. Lakini jana limetokea jambo, na nakuomba usiichane barua hii kabla hujalisoma.

Shangazi Martha alikuja kula chakula cha Jumapili. Unajua kwetu pudini ya unga, ile isiyo na sukari, na mchuzi hutangulia, ili watu washibe nyama isiliwe sana. Baba hajaimaliza yake, akaanza wimbo wake ule ule: kwamba Boothroyd wa kwanza alifyeka msitu huu kwa shoka, akajenga vibanda vya wachungaji, na jina likatokana na vibanda hivyo na ardhi iliyofyekwa, kwamba tangu hapo limetoka kwa baba likaenda kwa mwana bila kukatika, mpaka lilipofika kwako. Mimi nimo mezani, lakini binti hahesabiwi.

Shangazi akaweka uma chini. "Wilfred, mdogo wangu, hebu acha porojo. Babu yetu alikuwa Sutcliffe."

Nilidhani anatania. Akaeleza kwamba mzee Boothroyd wa wakati huo hakuwa na mtoto wa kiume, ila Sarah tu. Kijana Sutcliffe alipokuja kumposa, mzee akamwambia binti atampata na shamba atalipata, mradi achukue jina la mkewe. Wako wengi waliooa hivyo milimani huku, hawasemi tu. Babu akakubali, na wanakijiji wakamcheka hadi anaingia kaburini, wakimwita Bwana Sarah. "Kwa hiyo hilo jina unaloringia limevushwa na mwanamke," Shangazi akamalizia. "Haya, nipe chumvi."

Nikangoja Baba apige meza. Hakupiga. Alisema kwa sauti ndogo kuwa anajua tangu utotoni. Shuleni walimzomea kuwa ni mjukuu wa Bwana Sarah, akarudi nyumbani analia, na baba yake akamchapa ili asilitaje tena. Harold, miaka yote hii alikuwa anaficha aibu ambayo si aibu, akaenda kumtwika Maisie. Nilimkasirikia na kumhurumia kwa pamoja.

Leo asubuhi amekuja jikoni, kofia mkononi, akaniomba nikuandikie. Nilimwambia aandike mwenyewe. Akasema akishika kalamu ataanza kujitetea. Basi msomee Maisie kwa sauti, kama alivyotamka: "Mwanangu, hukunikosea kitu. Nilikutukana kwa sababu ya woga wangu. Uzae usizae, wewe ni Boothroyd kama alivyokuwa Bibi Sarah."

Sasa hivi yuko juu anatandika kitanda chenu. Hajui kutandika, ila nimemwacha.

Shangazi anawasalimu, nami namkumbatia Maisie kutoka mbali.

Dada yako akupendaye,
Edna